Kompyuta Hii Haikidhi Mahitaji

Mwaka huu nimejibu swali moja mpaka ulimi umeota sugu. Mtu anaingia dukani amekumbatia kompyuta yake ya zamani kama mtoto mgonjwa, anailaza juu ya meza yangu, anauliza: "Fundi, hii itaukubali mfumo mpya?" Nami naanza kukariri. RAM isipungue gigabaiti nne, na hizo nne ni za kuchechemea. Diski iwe na gigabaiti sitini na nne. Prosesa iwe ya kizazi cha karibuni, tena iwemo kwenye orodha ya wenyewe watengenezaji. Na ndani pawe na chipu ya usalama ya toleo la pili, si la kwanza. Mteja ananisikiliza kwa heshima zote, halafu anasema, "Lakini mbona inawaka vizuri tu?" Hapo ndipo ninapochoka. Najua inawaka. Hata mimi nawaka.

Nikifunga duka narudi nyumbani kwa baba. Tunaishi wawili. Kaka zangu wako mbali, na kila mmoja akipiga simu husema, "Msalimie sana mzee." Salamu yenyewe ni nyepesi kwao, kwangu ni kazi ya mapafu, maana baba yangu hasikii. Nikisema "Kaka anakusalimu," majirani wa pande zote mbili wanaitikia kabla yake. Kwa miaka miwili sasa, kila kitu nyumbani kwetu kinasemwa kwa kupiga kelele: habari za asubuhi, chumvi iko wapi, dawa umekunywa, usiku mwema.

Na huyu si mtu aliyezoea kelele. Baba alikuwa mkalimani wa mahakama. Alisimama kati ya hakimu na mshtakiwa, akisikiliza huku na kusema kule, kwa sauti ya chini isiyopindisha neno. Masikio yake ndiyo yaliyotusomesha. Sasa wageni wakija anakaa pembeni, wakicheka naye anacheka, ila amechelewa kidogo, na kila mtu anajifanya hakuona.

Vifaa vya kusikia anavyo, viwili, vidogo kama punje za mahindi. Tatizo vilipimwa zamani, masikio yalipokuwa na nguvu zaidi, na zamu yake ya kupimwa upya ilikuwa haijafika. Vifaa hivyo havina kitufe cha kuongeza sauti kama redio. Vinaunganishwa na kompyuta, na mtaalamu anavirekebisha kidogo kidogo kufuata sikio la mwenyewe. Mtaalamu wetu ni mmoja tu, mama mtu mzima, mpole, ambaye mji mzima unamwita Mama Masikio. Baada yake hakuna mwingine mpaka mji wa mbali, na mgongo wa baba hauwezi tena safari ya kutwa nzima kwenye basi.

Ndiyo maana Mama Masikio aliponipigia simu asubuhi ile niliiacha chai yangu mezani.

"Mwanangu," alisema, "kompyuta ya kliniki imekata kauli."

"Imekata vipi?"

"Nawasha, inaandika maneno meupe kwenye kioo cheusi, basi. Na leo ndiyo siku yangu ya mwisho. Jioni gari linakuja kunichukua na vyombo vyangu, nahamia kwa binti yangu. Baba yako nilimwahidi leo."

"Na anayekuja badala yako?"

"Hajapatikana. Wanasema wanatafuta."

Nilimvalisha baba koti, nikabeba begi la vifaa, nikamshika mkono wa koti, tukaenda. Njiani nilikuwa nikimvuta kando kila chombo kilipotujia kwa nyuma. Yeye alikuwa amechangamka kama anakwenda harusini, amenyoa ndevu na kujikata kidogo chini ya kidevu.

Kliniki ni vyumba viwili na korido yenye benchi. Siku hiyo benchi lilijaa watu wa daktari wa macho wa chumba cha jirani, wote wamekaa kimya hawana la kufanya ila kutazama wanaopita. Chumba cha Mama Masikio kilikuwa nusu maboksi. Ukutani lilibaki bango la sikio lililokatwa katikati, lenye rangi ya waridi iliyopauka.

"Shikamoo, mzee wangu," alisema Mama Masikio.

Baba alimtazama midomo, akatabasamu. "Namshukuru Mungu, na wewe?"

Nikamkalisha kwenye kiti cha pembeni. Nikafungua kompyuta. Vumbi lililokuwa ndani lingetosha kupandia mchicha. Diski ilikuwa imekufa kabisa, inagonga tu kama mtu anayebisha nyumba isiyo na mwenyewe. Nayo ilikuwa imeondoka na kila kitu, mfumo pamoja na programu ya kurekebishia vifaa.

"Programu si tunaipakua upya?" niliuliza.

"Iliyopo kwenye tovuti ya kampuni ni mpya tu. Ile ya zamani wameiondoa."

Nikasoma maelezo ya hiyo mpya kwenye simu yangu. Inataka mfumo mpya wa kompyuta. Nikacheka bila furaha. Wimbo wangu wa kila siku ulikuwa umenifuata mpaka huku.

"Basi tutumie kompyuta nyingine. Nina mteja ana—"

"Haiwezekani," alinikatiza. "Leseni imefungwa kwenye hii hii. Kampuni inaitambua kwa ule ubao wake mkubwa wa ndani. Niliwaandikia waniruhusu kuhamisha, wakajibu ombi langu linashughulikiwa."

Tulitazamana. Sisi sote wawili ni watu wazima, tunajua maana ya kushughulikiwa.

Kwa hiyo kazi ilikuwa hiyo: kuuweka mfumo mpya ndani ya mashine ambayo mfumo wenyewe hauitaki, kabla gari la Mama Masikio halijafika. Ikishindikana, baba anabaki na ukimya wake mpaka mwisho. Nililisema hilo moyoni kwa maneno hayo hayo, nikakunja mikono ya gauni.

RAM yake ilikuwa gigabaiti mbili. Nilirudi dukani mbio, nikaifungua kompyuta yangu mwenyewe ya kazini, ambayo kwa umri ni pacha wa ile, nikaing'oa RAM yake yote. Nikachukua na diski mpya, zile zisizozunguka. Kinyozi wa jirani alichungulia akaniuliza kama nimeibiwa. Nikamwambia nimejiibia.

Niliporudi nikapachika vyote, nikachomeka flashi yenye mfumo mpya. Kompyuta ikafikiri, ikafikiri, kisha ikaniletea sentensi ninayoijua kuliko jina langu: kompyuta hii haikidhi mahitaji. Prosesa haimo kwenye orodha. Chipu ya usalama haipo.

Sisi mafundi tuna njia yetu ya uchochoroni. Ukaguzi ule unafanywa na kisakinishi, ile programu inayouingiza mfumo, na kisakinishi ukikiandikia mistari michache mahali panapohusika, kinafumba macho na kuendelea kama hakijaona kitu. Watengenezaji hawaipendi njia hiyo, na wana haki yao. Mashine iliyoingia kwa mlango wa nyuma inaweza kufungiwa siku yoyote, masasisho yakaikataa, ikabaki nje. Wateja wangu nawaeleza hayo kabla sijagusa kitu. Siku hiyo nilijieleza mwenyewe, nikakubali, nikaandika mistari yangu. Kisakinishi kikafumba macho. Asilimia zikaanza kupanda, polepole kama mzee anayepanda ngazi.

Nilikuwa sijatia kitu tumboni tangu asubuhi. Mama Masikio alikuwa kwenye stoo yake ya nyuma akifunga vikombe kwenye magazeti. Nikamwambia baba, "NAKWENDA KUTAFUTA CHAI!" Benchi zima la korido likageuka. Mwanamke mmoja akaniambia na yeye anaitaka, na mwenzake akacheka.

"Usikawie," baba alisema.

Nikarudi na chupa ya chai na mikate, nikakuta chumba kimetulia sana. Baba amekaa pale pale, mikono mapajani, ametulia kama mtu aliyetoka kufanya jambo jema. Kioo cheusi. Taa ndogo ya kompyuta imezimika. Feni haizunguki. Nikafuata waya kwa macho mpaka ukutani. Swichi ilikuwa imebonyezwa chini.

Nyumbani kwetu baba ndiye mzimaji wa swichi. Hapiti kwenye soketi isiyotumika bila kuizima. Ndivyo alivyotulea, na umeme wake haujawahi kupotea bure. Nikaelewa palepale kilichotokea. Kisakinishi kilikuwa kimefika mahali pa kujizima na kujiwasha, kioo kikawa cheusi kwa dakika chache. Mtu mwingine yeyote angesikia feni ikivuma na kujua kazi inaendelea.

"BABA! NANI KAZIMA?"

"Mimi," alisema. "Ilikuwa imekwisha."

"HAIJAKWISHA! ILIKUWA INAENDELEA! UMEHARIBU KAZI YOTE! KWA NINI UNAGUSA VITU USIVYOVIJUA?"

Kila mtu kwenye benchi lile alisikia mtu mzima wa miaka karibu themanini akifokewa na bintiye kama mtoto aliyevunja glasi. Baba alinitazama midomo, halafu macho, halafu akaacha kunitazama.

"Nilidhani imezimika, mwanangu," alisema taratibu. "Kioo kilikuwa cheusi. Sikusikia kitu."

Niliona aibu mpaka masikio yakapata moto. Nikamimina chai, nikampa kikombe, nikamgusa bega. Sikumwomba radhi. Radhi ya kupigiwa kelele ingekuwa kelele nyingine tu.

Nikaanza upya. Diski nikaifuta, flashi nikaichomeka, mistari nikaiandika. Mara hii nilikaa mbele ya swichi kama askari wa zamu. Kila kioo kilipokuwa cheusi, baba alinitazama, nami nikamwinulia kidole gumba.

Gari lilifika mfumo ukiwa bado unajiandaa. Dereva alipiga honi, akapiga tena, halafu akaja mwenyewe mlangoni kulalamika. Mama Masikio alimwambia, "Mwanangu, anza na maboksi. Mwisho kabisa utanichukua mimi, na mwisho wenyewe nitautaja mwenyewe." Dereva akaanza kubeba kwa shingo upande.

Mfumo ukafunguka. Ulikuwa mzito, kila kidirisha kinakuja kwa kujivuta, ile prosesa ya watu ikihema. Lakini ulifunguka. Programu nikaipakua, ikasoma ubao wa ndani, ikamtambua mwenyewe, leseni ikakubali. Mama Masikio alinipiga mgongoni kwa furaha. Kisha tukaunganisha kile kisanduku kidogo cha nyaya ambamo vifaa vya baba vinachomekwa, na kompyuta ikatwambia haioni kisanduku chochote.

Nilijaribu tundu la kwanza, la pili, la tatu. Dereva alikuwa amebeba mpaka bango la sikio. Nikapiga magoti chini ya meza, nikachomeka tundu la nyuma, lile la karibu na soketi ya umeme ambalo hakuna mtu anayelitumia kwa sababu halifikiki. Kompyuta ikalia kidogo, kengele mbili. Mama Masikio akasema, "Imekiona!" Nilibaki chini pale kwa muda, kichwa kwenye mguu wa meza. Kama ningefumba macho ningelala.

Yaliyobaki yalikuwa kazi yake. Alimvisha baba vifaa, nyaya zikaning'inia mabegani, akaanza kupandisha mistari kwenye kioo, huu juu, huu kidogo chini, akimpigia baba sauti nyembamba na nene na kumtaka ainue mkono. Mkono wa baba ulikuwa ukiinuka mara chache. Halafu ukainuka zaidi. Halafu hata pale nilipokuwa sisikii kitu mimi, uliinuka. Mama Masikio alipobonyeza kuhifadhi, kompyuta iliganda, na sote watatu tuliganda nayo, na dereva akiwa wa nne, mlangoni na boksi. Ikazinduka. Imehifadhiwa.

Mama Masikio akachomoa nyaya. Baba alikaa wima. Akageuza kichwa upande wa korido, akageuza upande wa meza.

"Hiyo kompyuta inapumua," alisema.

Nikacheka, machozi yakanitoka hivi hivi. Baba alichukua kipande cha gazeti mezani akakikunja karibu na sikio, akakikunjua, akakikunja tena.

Mama Masikio alinivuta dirishani, akanishika mikono yote miwili. Tulikuwa na desturi yetu sisi wawili. Miaka miwili yote, kila tulipofuata betri za vifaa, tulikuwa tukimzungumzia baba juu ya kichwa chake, kwa sauti ya kawaida, yeye akiwa amekaa hapo hapo, jinsi watu wanavyozungumza mbele ya kabati. Hatukuwa na nia mbaya. Ilikuwa imezoeleka tu.

"Itamfaa mwaka, labda na zaidi," alisema. "Na wewe je? Umekonda."

"Nimechoka, mama yangu," nilisema. "Yaani nimechoka mpaka mifupa. Kutwa napayuka. Kuna siku naomba tu alale mapema, jua halijazama, nisilazimike kumwambia neno jingine lolote."

Nyuma yangu gazeti liliacha kukunjwa.

Mama Masikio aliniachia mikono. Nilijua kabla sijageuka. Baba alikuwa ameliweka lile gazeti mezani, analinyoosha kwa kiganja. Uso wake haukuwa na hasira. Ulikuwa uso wake wa mahakamani, ule wa mtu anayesikia jambo zito na hana ruhusa ya kulionyesha.

"Mama, nakushukuru sana," alimwambia Mama Masikio. "Safari njema. Mungu akulipe."

Tukatoka. Njiani baiskeli ilitujia kwa nyuma, ikapiga kengele, na baba akasogea kando mwenyewe, kabla sijainua mkono. Sijui kama naweza kueleza jinsi lilivyoniuma jambo hilo, lile nililolihangaikia kutwa nzima. Nilitaka kusema kitu. Kwa kelele sikuweza tena, na kwa sauti ya chini nilikuwa sijui naanzia wapi. Tukaenda, yeye akisikiliza mji.

Nyumbani alikula kidogo, akaosha kikombe chake, akaenda kila chumba akazima swichi zake. Nje watoto walikuwa bado wanacheza mpira, mwanga wa jua umelala ukutani.

"Basi mimi nalala," alisema.

"Mapema hivi, baba?"

"Mapema ndiyo vizuri."

Nilibaki mezani na vyombo vichafu. Nilikuwa nimepata nilichokitamani, nyumba imetulia na jua halijazama, na nilijichukia kuliko nilivyowahi kujichukia. Nikajikaza, nikaenda chumbani kwake. Nilibisha. Nikabisha tena. Hakujibu, nikaingia.

Alikuwa amelala anatazama ukuta, macho wazi. Vile vifaa vyake alikuwa amevitoa, vimelala juu ya stuli, kimoja kando ya kingine. Nilikaa ukingoni mwa kitanda. Alipohisi godoro limebonyea aligeuka.

"Nimevitoa," alisema, kwa ile sauti ya juu ya asiyejisikia. "Ongea tu unavyotaka, mwanangu. Nyumba ni yako."

Nilivichukua. Nilimvisha cha kulia, nikamvisha cha kushoto, nikisukuma taratibu kwa kidole kama nilivyomwona Mama Masikio akifanya. Aliniacha.

"Nimechoka, baba," nilisema. Sauti ilitoka ndogo mpaka nikaishangaa.

"Najua. Nimesikia."

"Hujasikia yote. Miaka miwili sina wa kumwambia."

Alinitazama. Kisha akajiburuta mpaka ukutani, akaacha nafasi kitandani, akaipigapiga shuka kwa kiganja.

"Lala hapa," alisema. "Anza mwanzo."